KUTENGENEZA MISHIPA YA KICHWA BILA KUPASUA KICHWA



Katika kartye zetu tunasikia mara nyingi habari kama hii: "Baba fulani alilala muzima, asubui mukono hauinuke, kinywa kimepinda." Ao hii: "Mama alishika kichwa, akalalamika mara moja tu, akaanguka." Wamoja wanasema ni sumu. Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanangoja tu, labda itapita. Leo tunataka kueleza ugonjwa huu ni nini, na namna gani waganga wanaweza kufika ndani ya mishipa ya ubongo bila kufungua fuvu la kichwa. Wanapita kwa paja ao kwa mkono. Mtu anaweza kucheka: kichwa njo kinauma, wewe unatoboa mguu? Lakini tufuate jambo hili pole pole.

1. Ubongo hauna akiba

Ubongo wa mtu mkubwa una uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Ni kitu kidogo, karibu 2 kwa mia ya uzito wa mwili. Lakini katika damu yote inayosukumwa na moyo, ubongo peke yake unachukua karibu 15 kwa mia. Misuli ya mguu inaweza kukaa na akiba kidogo ya chakula. Ubongo hauna akiba. Damu ikisimama dakika chache tu, sehemu iliyokosa damu inaanza kufa.

Damu hiyo inapanda kwa njia nne. Mbili ziko mbele ya shingo: weka vidole viwili kando ya koo, utasikia mshipa unapiga. Mbili zingine zinapita nyuma, ndani ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo njia hizo zinaungana na kufanya kama duara, kisha zinagawanyika kama matawi ya muti.

Mishipa hii inaweza kuharibika kwa namna mbili kubwa:

a) Mshipa unazibwa. Kidonge cha damu iliyoganda kinakwama ndani, sawa vile takataka zinaziba tiyo ya maji. Sehemu ya mbele inakauka. Hii njo namna ya mara nyingi zaidi.

b) Mshipa unapasuka. Pengine ni tansiyo iliyoharibu mishipa midogo kwa miaka mingi. Pengine ni uvimbe kwenye ukuta wa mshipa, unaoitwa anevrisimu. Umekwisha kuona shambreri ya kinga iliyochoka: fasi moja inavimba kama kipulizo, na siku moja inapasuka. Anevrisimu ni vile vile. Karibu watu wakubwa 3 kwa 100 wanatembea nayo bila kujua, na nyingi hazipasuki hata siku moja. Lakini ile inayopasuka inaleta maumivu ya kichwa ya gafula, makali kama radi, na inaua wengi.

Kwa Kifaransa waganga wanaandika AVC kwa namna zote mbili. Sisi tunasema kiharusi, ao kupooza. Kwa macho tu munganga hawezi kujua kama mshipa umezibwa ao umepasuka. Anapashwa kuona picha ya skaneri kwanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha kidonge cha damu, ukiipa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, inaweza kumwua.

2. Kuona mshipa wa mtu aliye hai

Zamani picha ya radio ilionyesha mifupa tu. Mishipa haionekani, kwa sababu damu inaacha miali ipite sawa nyama inavyoiacha ipite. Mwaka 1927, kule Lisbon katika Ureno, munganga Egas Moniz aliingiza dawa yenye iyode ndani ya mshipa wa shingo, akapiga radio mara moja. Iyode inazuia miali. Basi mishipa ya ubongo ikatokea kwenye picha kama mito kwenye karte ya jografia. Kwa mara ya kwanza watu waliona mishipa ya kichwa cha mtu aliye hai.

Lakini kutoboa shingo ilikuwa kazi ya hatari. Mwaka 1953 munganga mmoja wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alieleza njia nyepesi. Unatoboa mshipa kwa sindano. Ndani ya sindano unapitisha waya laini. Unatoa sindano, waya unabaki. Juu ya waya unasukuma mpira mwembamba, unaoitwa kateteri. Kisha unatoa waya. Ni hayo tu. Tobo ni dogo, na mpira uko ndani ya damu. Mpaka leo wanafanya hivyo kila siku katika dunia nzima.

Sasa tunaelewa habari ya paja. Mishipa yote mikubwa inatoka kwenye mshipa mmoja, aorta, unaotoka moyoni. Kateteri inayoingia kwenye kinena ni kama pirogi inayopanda mto. Inakwenda kinyume cha damu, inapita tumbo, inapita kifua, inafika kwenye njia panda juu ya moyo. Hapo inageuka na kufuata damu inayokwenda shingoni. Munganga anaiangalia kwenye ekra ya radio wakati wote. Kwa kawaida mgonjwa hasikii ikipita, kwa sababu ndani ya mishipa hakuna hisia kama ya ngozi. Kateteri ya kwanza ina unene wa milimeta 2 ao 3. Ile ya mwisho, inayopita ndani yake mpaka ubongoni, haifike milimeta moja.

3. Kipulizo cha Moscow

Kuona ni jambo moja, kutengeneza ni lingine. Kule Moscow, munganga Fedor Serbinenko alifikiri juu ya kipulizo kidogo sana kwenye mwisho wa kateteri. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia siku ya sikukuu ya Mei mosi, alipoona watoto wanashika vipulizo vya kuruka kwa nyuzi. Damu yenyewe inavuta kipulizo na kukipeleka mbele, kikifika pahali pabaya munganga anakijaza na kukiachilia hapo kama kizibo. Mwaka 1974 kazi yake ilitolewa katika jarida moja la waganga wa Marekani, na waganga wengi wa inchi zingine wakashangaa. Lakini kipulizo kilikuwa na kasoro yake: anevrisimu si duara safi, na kipulizo kigumu kikisukuma ukuta uliochoka, kinaweza kuupasua.

4. Waya wa platini na somo letu la shimi

Mwitaliano Guido Guglielmi, alipofanya kazi katika chuo kikuu cha Los Angeles, alipata jibu lingine. Badala ya kipulizo alichukua waya wa platini, mwembamba karibu kama unywele, uliozungushwa kama resori, laini sana. Unausukuma ndani ya anevrisimu, nao unajikunja wenyewe kama uzi ndani ya kikapu. Unaongeza wa pili, wa tatu, mpaka fasi inajaa. Damu haizunguki tena ndani, inaganda, na uvimbe unafungwa. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwaka 1990, na mwaka 1995 serikali ya Marekani ilikubali waya hizo zitumiwe.

Lakini namna gani kuachilia waya kule ndani, mbali na mkono? Hapa wale wa sayansi wafungue kaye ya shimi. Platini imeungwa kwenye waya wa kusukumia kwa kipande kidogo cha chuma cha pua. Damu ina chumvi, kwa hiyo inapitisha umeme. Munganga anapitisha umeme kidogo sana, waya wake ukiwa upande wa plusi. Chuma kinayeyuka, platini haiyeyuki, na kiungo kinakatika chenyewe. Ni elektrolizi ile ile tunayoandika kwenye tablo! (Baadhi ya waya za leo zinaachiliwa kwa njia zingine.)

Je, ni bora kuliko kupasua? Waganga hawakutaka maneno matupu. Walikusanya wagonjwa 2143 ambao anevrisimu yao ilikuwa imepasuka na ambao wangeweza kutibiwa kwa njia yoyote ya hizi mbili. Waligawanywa kwa bahati: wamoja kupasuliwa fuvu, wengine kuwekewa waya. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Kisha mwaka mmoja, kati ya waliopasuliwa, karibu 31 kwa 100 walikuwa wamekufa ao hawawezi kujitegemea. Kati ya waliowekewa waya, karibu 24 kwa 100. Tofauti ya watu 7 kwa 100 ni kubwa. Hata hivyo kupasua hakukuisha. Kuna uvimbe wenye mdomo mpana ambao waya hazikai vizuri, na uvimbe uliojazwa waya unaweza kurudi kufunguka, kwa hiyo mgonjwa anapashwa kupigwa picha tena.

5. Wavu wa kuvulia kidonge

Kwa mshipa uliozibwa, waganga walikuwa na dawa ya kuyeyusha damu, inayotakiwa kutolewa mbele ya saa 4 na nusu kupita. Lakini kidonge kikubwa kinaweza kukataa kuyeyuka. Siku hizi wanapeleka kwa kateteri wavu mdogo wa chuma. Wavu unafunguka ndani ya kidonge, unakikamata, na munganga anavuta vyote nje, kama mvuvi anayevuta wavu. Pengine wanakifyonza tu.

Mwaka 2015 waganga wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 500. Wale waliotibiwa kwa njia za kawaida tu, 19 kwa 100 walikuwa wanajitegemea kisha siku 90. Wale walioongezewa kazi ya kateteri, karibu 33 kwa 100. Wagonjwa wale walianza kutibiwa mbele ya saa 6 kupita. Mwaka 2018 ilionekana kwamba wagonjwa fulani, waliochaguliwa kwa picha, wanaweza kusaidiwa mpaka saa 24.

Lakini hiyo si ruhusa ya kungoja. Mwaka 2006 munganga Mmarekani Jeffrey Saver alihesabu kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, kila dakika zinakufa chembe za ubongo karibu milioni 1 na elfu 900. Hesabu mwenyewe dakika 60.

6. Tusidanganyane

Kazi hii ina hatari zake. Kateteri inaweza kutoboa mshipa, ao kusukuma kidonge mbele zaidi. Dawa ya iyode inaweza kuchosha mafigo. Tena inataka mashini za bei kali, umeme usiokatika, na munganga aliyejifunza miaka mingi. Hospitali nyingi za inchi yetu na za Afrika hazina chumba cha namna hii. Mtu wa kijiji kisicho na barabara hatakifikia kwa saa 6.

Basi mwanafunzi atauliza: "Sasa habari hii inatusaidia nini?" Inatusaidia hivi. Ugonjwa huu ni jambo la tiyo na damu. Hauna mchawi ndani yake. Familia inayopoteza siku tatu kwa mfumu, ao kutafuta nani aliweka sumu, inapoteza siku tatu za mgonjwa, na mara nyingi inaharibu pia ujirani. Hata pahali pasipo na kateteri, munganga anaweza kupima tansiyo, sukari na pumzi, kuzuia mgonjwa asipaliwe na chakula, kumgeuza asipate vidonda, na kumfundisha kutembea tena. Hayo yanaokoa watu.

Tujue alama. Uso umepinda upande mmoja. Mkono ao mguu umelegea gafula. Maneno hayatoki, ao yanatoka ovyo. Kichwa kimeuma gafula kama radi, kuliko siku zote. Ukiona hata moja:

– angalia saa ngapi ilianza, uiandike;
– usimpe chakula, maji wala dawa kwa kinywa, hata aspirini;
– akipoteza akili, umlaze kwa ubavu;
– mpelekeni hospitali mara moja, hata kama alama zimepita.

Na tusisahau watoto: mtoto mwenye ugonjwa wa SS anaweza kupata kiharusi angali mdogo. Akilegea mkono, msiseme ni uvivu.

Lakini dawa kubwa inakuja mbele ya ugonjwa. Tansiyo ya juu njo inayochosha mishipa kuliko kitu kingine, na mtu hasikii kitu. Tumbaku inaongeza, chumvi nyingi inaongeza. Kipimo cha tansiyo hakitaki chumba cha Los Angeles, kinapatikana kwenye vituo vya afya, na dawa zake si kama bei ya platini. Hatari ni mtu anayemeza vidonge wiki mbili, anajisikia vizuri, anaacha. Tansiyo haijapona, imenyamaza tu.

Kwa hiyo kazi ya likizo hii ni moja, na haitaki kaye. Kila mmoja aulize baba, mama, shangazi, mjomba na wazee wa nyumbani: "Mulipimwa tansiyo lini?" Anayesema "siku nyingi" ao "hapana hata mara moja", umsindikize mwenyewe.