Chama ni Watu, si Mtu

Mwanafunzi anayeuliza vyama vingi vilitoka wapi nchini Kenya hana budi kufika Nyamira. Mnamo 1982, George Anyona, mwana wa Kitutu, alishirikiana na Jaramogi Oginga Odinga kutaka kuunda chama cha upinzani. Serikali ilitia kifungu katika Katiba kuifanya KANU chama pekee, naye Anyona akatiwa kizuizini. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata Anyona aliingia Bungeni kwa tikiti ya Kenya Social Congress, akiwa mbunge wake wa pekee.

Hapo ndipo penye funzo. Mnamo 2002, Ford-People chini ya Simeon Nyachae ilizoa viti vingi vya Kisii na Nyamira, lakini nguvu zake hazikuenea nchini. Anyona alifariki 2003, Nyachae akapoteza kiti chake 2007, na vyama vyao vikanyong'onyea. Sheria yaweza kuruhusu chama. Haiwezi kukipa mizizi. Walimu, wafunzeni vijana kuuliza chama kinasimamia nini, kabla ya kuuliza ni cha nani.