Mchanganyiko Hafifu wa Petroli katika Gari Mseto: Namna ya Kutafuta Chanzo

Injini ya petroli haichomi petroli peke yake. Huchoma mchanganyiko wa petroli na hewa, na kazi yake yote hutegemea uwiano wa vitu hivyo viwili. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na hula mafuta bila faida. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa hafifu: nguvu hupungua, na hali ikiendelea, silinda huanza kukosa kuwaka. Makala hii inaeleza jinsi hitilafu hiyo ya pili inavyotafutwa katika gari mseto, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la haibridi.

Kampuni ya Toyota ilianza kuuza gari mseto la Prius nchini Japani mwezi Desemba 1997. Kwa kuwa magari mengi yaliyokwisha kutumika huletwa Tanzania kutoka Japani, magari ya aina hii nayo yamefika kwetu. Tuseme basi kwamba mwalimu mmoja anayefundisha Ipililo, wilayani Maswa katika mkoa wa Simiyu, analo gari la namna hiyo, na kwamba husafiri nalo mara kwa mara kwenye barabara za vumbi. Siku moja taa ya injini inawaka. Gari bado linakwenda vizuri, lakini mashine ya kupimia inaonyesha msimbo P0171, ambao maana yake ni kwamba mchanganyiko ni hafifu. Fundi wa kwanza anashauri kubadili kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita sensa. Wa pili anashauri pampu ya mafuta. Wa tatu anashauri kipima hewa. Kila kifaa kina bei yake, na mshahara wa mwalimu ni mmoja. Amsikilize nani?

Jibu ni kwamba asinunue kitu chochote kwanza. Msimbo haukutaja kifaa kibovu. Umetaja dalili tu, kama vile kipimajoto kinavyotaja homa bila kusema kama ni malaria au homa ya matumbo. Kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo kuna njia ya kufikiri, na njia hiyo ndiyo tunayotaka kuifuata hapa.

Uwiano wa hewa na petroli

Tuanze na kemia inayofundishwa shuleni. Oktani ni mojawapo ya haidrokaboni zilizomo katika petroli, na mlinganyo wa kuungua kwake kikamilifu ni huu:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Gramu 228 za oktani huhitaji gramu 800 za oksijeni. Oksijeni ni takriban asilimia 23.2 ya hewa kwa uzito, kwa hiyo gramu 800 hizo hupatikana katika gramu 3,450 hivi za hewa. Tukigawanya 3,450 kwa 228 tunapata 15.1. Petroli halisi si oktani tupu, bali ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, na uwiano wake huwa karibu 14.7. Yaani gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa. Hewa ikizidi kiasi hicho mchanganyiko ni hafifu. Ikipungua, mchanganyiko ni mzito.

Kompyuta ya injini hujuaje?

Kompyuta ya injini haioni hewa wala petroli. Hutegemea taarifa za vihisi, na viwili kati ya hivyo vinatuhusu hapa.

Cha kwanza ni kipima hewa, ambacho hukaa katika bomba la hewa baada ya chujio. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa joto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza waya huo, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo umeme mwingi zaidi unavyohitajika kuudumisha katika joto lake. Kutokana na umeme huo kompyuta hukadiria uzito wa hewa iliyoingia, na kuziamuru nozeli, au nozo kama wasemavyo mafundi, zinyunyize petroli inayolingana nayo.

Cha pili ni kihisi cha oksijeni katika bomba la moshi. Kihisi hiki, kilichotengenezwa na kampuni ya Bosch na kuanza kutumika katika magari ya Volvo mwaka 1976, hupima oksijeni iliyobaki baada ya mwako. Oksijeni ikibaki nyingi, kompyuta huhukumu kwamba petroli ilikuwa haba, nayo huongeza. Ikibaki kidogo mno, hupunguza.

Nyongeza au punguzo hilo tutaliita sahihisho, nalo huandikwa kwa asilimia. Mashine ya kupimia huonyesha sahihisho la muda mfupi na la muda mrefu, na jumla yake ndiyo ya kuangaliwa. Katika gari zima, jumla hiyo huchezea karibu na sifuri, na kwa kawaida haizidi asilimia 10 juu au chini. Ikipanda hadi asilimia 25 au zaidi, kutegemea aina ya gari, kompyuta hukata tamaa ya kusahihisha na kuwasha taa.

Makundi matatu ya sababu

Sasa tunaweza kuzipanga sababu zote katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni hewa isiyopimwa. Mpira wa hewa ukipasuka baada ya kipima hewa, au gasketi ya manifoldi ikiachia, hewa huingia kwa mlango wa nyuma bila kupita kwenye waya. Kompyuta haina habari nayo, hivyo haitoi petroli yake. Waya wenyewe ukifunikwa na vumbi, matokeo hufanana: vumbi huuzuia usipoe ipasavyo, na kompyuta huamini kwamba hewa ni chache kuliko ilivyo. Katika nchi ya vumbi, chujio la hewa lililowekwa vibaya latosha kuleta hali hiyo.

Kundi la pili ni petroli pungufu. Pampu imechoka, chujio la mafuta limeziba, au nozeli zimejaa uchafu. Kompyuta huamuru kiasi fulani, lakini kinachofika ni kidogo.

Kundi la tatu ni taarifa potofu. Bomba la moshi likitoboka kabla ya kihisi, hewa ya nje hunyonywa ndani na kihisi huidhania kuwa imetoka kwenye silinda. Vivyo hivyo plagi au koili ikiwa mbovu na silinda moja isipowaka, oksijeni yake yote hutoka bila kutumika. Kihisi chenyewe pia chaweza kuzeeka na kupotosha.

Watu wengine huongeza sababu ya nne, nayo ni mwinuko wa nchi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Bariadi iko juu zaidi. Kwa kimo cha mita 1,200 kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 87 tu ya ile ya pwani. Lakini tufikiri: hewa ikiwa nyepesi, injini hupata oksijeni pungufu, si nyingi. Gari la zamani lenye kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam lingepata mchanganyiko mzito likifika Simiyu, wala si hafifu. Na gari lenye kipima hewa hupima uzito wa hewa, hivyo hujirekebisha lenyewe. Sababu hiyo basi tunaiondoa.

Kwa nini gari mseto huficha hitilafu

Katika gari la kawaida dereva huuhisi mchanganyiko hafifu: injini hutetemeka ikiwa tuli na hukwama inapoongezwa mafuta. Katika gari mseto mota ya umeme huziba pengo la nguvu mara moja, na dereva haoni tofauti. Tena gari likisimama, injini hujizima, na kwa hiyo mtetemeko wenyewe hausikiki. Mwalimu wetu atasema gari lake halina neno, na atakuwa anasema kweli kama anavyoihisi.

Lakini nguvu ya mota hutoka kwenye betri, na betri hujazwa na injini hiyohiyo iliyodhoofika. Hali ikizidi, betri hushuka, na gari laweza kukataa kwenda mahali pasipo fundi wala mtandao wa simu. Zaidi ya hayo, petroli isiyoungua katika silinda huenda kuungulia ndani ya kisafisha moshi, ambacho mafundi hukiita masega, na joto lake laweza kuyayeyusha. Taa hiyo basi haifai kupuuzwa kwa sababu tu gari linakwenda.

Kupima katika hali mbili

Kipimo chenye manufaa zaidi hakihitaji kununua kifaa chochote kipya. Ni kusoma sahihisho injini ikiwa imekwisha pata moto, mara ya kwanza ikinguruma tuli, na mara ya pili ikiwa na mzigo.

Tutumie hesabu ya kubuni. Tuseme mpira uliopasuka unapitisha gramu 0.6 za hewa kwa sekunde. Injini ikiwa tuli, kipima hewa kinasoma gramu 3 kwa sekunde. Hewa ya wizi ni 0.6 ÷ 3, yaani asilimia 20. Gari likipanda mlima, kipimo ni gramu 15. Hewa ya wizi ni 0.6 ÷ 15, yaani asilimia 4 tu. Kwa kweli huwa pungufu hata ya hapo, kwa sababu injini yenye mzigo hunyonya kwa nguvu ndogo kupitia ufa. Kwa hiyo sahihisho lililo kubwa injini ikiwa tuli, na dogo chini ya mzigo, huelekeza kidole kwenye hewa inayovuja.

Kinyume chake, pampu dhaifu hutosheleza mahitaji madogo na hushindwa makubwa. Waya mchafu nao kwa kawaida hukosea zaidi hewa inapokuwa nyingi. Sahihisho likipanda pamoja na mzigo, tuangalie hayo mawili. Ili kuyatenganisha, hupimwa kanieneo ya petroli: katika Prius ya kizazi cha pili inatakiwa kuwa kati ya kilopaskali 304 na 343. Ikiwa sawa na hata hivyo sahihisho ni kubwa, waya husafishwa kwa dawa yake maalumu, bila kuguswa kwa kidole wala kitambaa, kisha kipimo hurudiwa.

Hapa gari mseto huleta ugumu wake: litapimwaje likinguruma tuli wakati hujizima? Watengenezaji wameweka hali ya ukaguzi, ambayo huingiwa kwa kukanyaga pedali kwa mpangilio ulioelezwa katika kitabu cha gari husika. Katika hali hiyo injini huendelea kuwaka gari likiwa limesimama. Hali ya ukaguzi isitumiwe kuendeshea gari. Kwa kipimo cha mlimani ni lazima iondolewe kwanza, na msaidizi ndiye asome mashine, si dereva.

Ikiwa vipimo vimeelekeza kwenye uvujaji, fundi hubana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa uangalifu huku akitazama sahihisho. Likishuka ghafla, mpira uliobanwa ndio wenye kosa, au njia ya uvujaji iko ng'ambo yake. Tena hapo kihisi cha oksijeni kimethibitisha ukweli wake, maana kimeuona uponyaji kama kilivyouona ugonjwa. Kukibadili kungekuwa kumfukuza shahidi mwaminifu.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Betri kuu ya Prius hiyo ina volti 201.6, na mitambo yake huweza kuzipandisha hadi volti 500. Nyaya zake zina rangi ya machungwa, asiyefundishwa asiziguse. Aidha, gari likiwa limewashwa injini yaweza kuanza yenyewe wakati wowote, hivyo mikono na nguo zikae mbali na sehemu zinazozunguka.

Jaribio la darasani

Mwalimu asiye na gari aweza kuonyesha kosa la waya mchafu kwa makopo mawili yanayofanana. Yajazwe maji ya moto kwa kipimo sawa, na kila moja liwekewe kipimajoto. Moja lifungwe kitambaa kizito, jingine liachwe wazi, kisha yote yapepewe kwa nguvu sawa kwa dakika kumi. Mwanafunzi aliyekaa nje ya chumba apewe usomaji wa vipimajoto tu, aulizwe ni kopo lipi lililopigwa na upepo mwingi zaidi. Bila shaka atajibu kwamba ni lile lililo wazi, na atakuwa amekosea kama kompyuta ya injini inavyokosea: hesabu yake ni sahihi, lakini kitambaa hakikuonekana kwenye hesabu.

Baada ya hapo darasa lijadili swali hili. Sahihisho la gari la mwalimu wa Ipililo ni asilimia 9 injini ikiwa tuli, na asilimia 28 likipanda mlima. Kati ya mafundi watatu, ni yupi ambaye ushauri wake unaweza kuwekwa kando, ni wawili wepi wanaobaki, na ni kipimo gani kimoja kitakachoamua kati yao kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni?