Milango Mingi Kupita Kiasi

Umeme wa moyo huzaliwa wenyewe, kwenye kifundo cha seli kilicho sehemu ya juu ya chemba ya juu ya kulia. Husambaa kwenye chemba za juu, husita kama sehemu ya kumi ya sekunde ili damu ishuke, kisha hukimbia kwenye nyuzi maalumu za moyo, ziitwazo nyuzi za Purkinje, kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde, na chemba za chini hubana kwa pamoja.

Njia hiyo ya umeme huweza kuchakaa kwa uzee. Lakini kuna ukoo mkubwa wa Wazungu wa Afrika Kusini, wasemaji wa Kiafrikana, unaorithishana kasoro yake. Madaktari Brink na Torrington waliueleza mwaka 1977: kipimo cha ECG huonyesha tawi la kulia la njia ya umeme limeziba, baadhi huzirai, wengine hufa ghafla. Nasaba yao inarudi hadi kwa mtu mmoja aliyehamia huko kutoka Ureno mwaka 1696. Mzazi mmoja mwenye kasoro anatosha. Kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi.

Mwaka 1995 watafiti waliifuatilia hadi kromosomu ya 19, na mwaka 2009 jeni yenyewe, TRPM4, ikapatikana. Herufi moja tu ya DNA, G, imegeuka A. Kwa hiyo asidi amino ya 7, kati ya 1,214 zinazounda protini hiyo, imebadilika kutoka glutamati yenye chaji hasi kuwa laisini yenye chaji chanya.

Protini hiyo ni mlango wa kupitishia ayoni kwenye ukuta wa seli. Ungetarajia uwe umekwama. La hasha: unafanya kazi, ila seli inashindwa kuirudisha ndani milango iliyozidi, nayo inarundikana ukutani. Watafiti wanaeleza kwamba ayoni zikivuja hivyo, chaji ya seli haitulii vizuri baada ya pigo, na milango ya sodiamu inayosukuma umeme mbele haiwi tayari kwa pigo linalofuata.

Cha ajabu, jeni nyingine, SCN5A, iliyohusishwa na ugonjwa wa aina hii mwaka 1999, huleta matokeo hayohayo kwa kupunguza mkondo wa sodiamu. Dawa ya kuziba milango ya TRPM4 huenda ingemfaa mgonjwa mmoja na isimsaidie mwenzake. Kwa sasa, njia ikiziba kabisa, wote wawili hupandikizwa kifuani kifaa kilekile chenye betri cha kuuchochea moyo.