MIKOPO YA WATOTO WETU VYUONI



Kila vyuo vikuu vinapokaribia kufungua, hutujia wanachama afisini na barua mkononi, wakiuliza kwa nini mtoto wa mtumishi wa Serikali kapata mkopo, na wao wenye mikarafuu watoto wao wamenyimwa au wamepewa nusu. Imetupasa kueleza namna kazi hii inavyokwenda, kwani wengi hugonga mlango usio wake.

Mwenye kutoa mkopo ni Bodi. Zanzibar tunayo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na iko ile ya Muungano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Afisi ya mikopo iliyomo chuoni haina fedha zake. Kazi yake ni kuiarifu Bodi kwamba kijana amesajiliwa, kupeleka matokeo yake ya mitihani, na kuhakikisha ametia saini fedha zinapofika. Basi kumgombeza afisa wa chuo kwa sababu mkopo ni mdogo ni kumwonea bure. Lakini fedha zilizokwisha kukubaliwa zikichelewa, huyo ndiye wa kumwendea kwanza. Mara nyingi huwa ni saini iliyokosekana, au nambari ya akaunti ya benki iliyoandikwa vibaya.

Lililo zito kwetu ni habari ya kipato. Mtumishi ana karatasi ya mshahara. Mkarafuu hauna mshahara. Mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, na miaka miwili mitatu ifuatayo pengine usijaze pakacha. Mzee akitaja alizopokea mwaka wa neema, huonekana tajiri. Akiandika "mkulima" na kunyamaza, msomaji wa fomu hana la kushika. Wala fedha zile si zake zote, kwani wachumaji wanataka ujira wao, na wa kuchambua, na wa kuanika.

Twashauri kila mwanachama aweke stakabadhi zake za mauzo za miaka mitatu au minne. Tuseme mtu ameuza karafuu za shilingi 6,000,000 mwaka wa kwanza, 900,000 mwaka wa pili na 600,000 mwaka wa tatu. Jumla ni 7,500,000, nayo ikigawanywa kwa miaka mitatu ni 2,500,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa ujira wa watu. Hiyo ndiyo hali yake, si zile milioni sita. Aiandike hesabu hiyo kwenye karatasi moja, abandike nakala za stakabadhi, na amwombe sheha barua ya kuthibitisha watoto wangapi anawasomesha. Hatusemi mtu afiche mali yake, hasha. Twasema aioneshe yote, pamoja na miaka yake ya njaa.

Majina nayo yametusumbua sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija, cha skuli kinasema Hadija, na benki wameandika jina la babu peke yake. Kwa afisi hao ni watu watatu. Yasawazishwe mapema, kwani katika miaka ya karibuni maombi ya Bodi ya Muungano yamekuwa yakifunguliwa mwezi wa Juni na kufungwa Agosti au Septemba, na cheti cha kuzaliwa chahitaji kuhakikiwa kabla yake.

Aliyenyimwa au kupunjwa asikae akilalamika barazani. Iko rufaa, nayo ina siku zake. Rufaa yenye maneno matupu haisaidii. Itiwe karatasi ambayo Bodi haikuiona mara ya kwanza, kama vile hesabu tuliyoitaja, au cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki.

Ada iliyobaki ni kazi ya mhasibu wa chuo, si ya Bodi. Kijana amwandikie mwanzoni mwa muhula, aombe kulipa kwa awamu, na ataje mwezi ambao karafuu za nyumbani zitakuwa zimekwisha kuuzwa. Vyuo vingi humzuia mwenye deni kufanya mtihani, na barua iliyofika siku ya mtihani ni barua iliyochelewa. Abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na aandike tarehe na jina la aliyesema naye.

Wasioweza kupiga hesabu hizi wenyewe waje afisini kwetu asubuhi, na waje na stakabadhi zote, hata zilizotafunwa na panya.