Taa ya Matumbawe Iwake kwa Saa Ngapi?

Sisi watu wa pwani tumezoea kulijua tumbawe likiwa jiwe. Kuta za nyumba za Lamu na za Mji wa Kale, Mombasa, zilijengwa kwa matumbawe, na chokaa yake ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba wako watu Ulaya na Marekani, na hata katika miji ya Ghuba, wanaofuga matumbawe sebuleni ndani ya tangi la kioo, huenda akacheka. Jiwe hufugwaje? Lakini tumbawe ni mnyama, tena mnyama mwenye kudai haki zake, na swali linalowasumbua wafugaji wake kuliko mengi ni hili dogo: taa iliyo juu ya tangi iwake kwa muda gani kila siku?

Sababu ya swali hilo imo mwilini mwa tumbawe lenyewe. Ndani ya nyama yake laini mna mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, jamaa ya mwani. Mimea hiyo hupokea mwanga na kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Naye humlipa mpangaji wake kwa makao na kwa taka za mwili zinazokuwa mbolea. Mwanga ukipungua mno, mwenye nyumba hulala njaa. Ukizidi, hasa maji yakiwa ya moto, ile mimea huanza kutoa sumu, na tumbawe huifukuza. Hapo hubaki jeupe kama chokaa, na hali hiyo ikidumu, hufa. Jambo hilo lilionekana hapa kwetu mwaka wa 1998, joto la bahari lilipopanda, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikageuka nyeupe na kufa.

Mtu wa pwani atajibu upesi: mchana una saa kumi na mbili, basi na taa iwake saa kumi na mbili. Jawabu hilo si baya. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na mchana mrefu kabisa wa mwaka unauzidi ule mfupi kabisa kwa karibu nusu saa tu. Walakini natuuchunguze mchana wenyewe. Jua linapochomoza, miale yake huja kwa ubavu, na mingi huteleza juu ya maji bila kuzama. Atokaye msikitini baada ya Alfajiri akateremka ufuoni huona maji yanang'aa juu, na chini bado kiza. Mwanga wenye nguvu huufikia mwamba tangu yapata saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, Alasiri inapokaribia. Basi katika zile saa kumi na mbili, zilizo kali hasa ni kama sita.

Taa haina tabia hiyo. Ile ya kawaida ikiwashwa hutoa nguvu ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, haina asubuhi wala jioni. Wafugaji huupima mwanga kwa chombo kinachohesabu ule unaofaa kwa mimea. Jua la adhuhuri juu ya maji hufika karibu 2,000 kwa kipimo hicho. Ndani ya tangi, matumbawe laini aghalabu huridhika na 50 hadi 150, na yale magumu ya matawi hupewa 200 hadi 350. Kwa kuwa taa ni dhaifu kuliko jua, wengi huirefushia muda: saa nane hadi kumi za nguvu kamili. Wenye taa za LED zinazoweza kupunguzwa huanza na mwanga hafifu wa buluu, rangi inayozama mbali kuliko nyekundu, kisha huongeza polepole na kupunguza vivyo hivyo. Kwao siku nzima huwa ya saa kumi hadi kumi na mbili, ila kilele chake ni saa tano mpaka nane.

Wako wanaodhani kwamba taa dhaifu itafidiwa kwa kuwashwa usiku kucha, au kwamba taa kali mara mbili itamaliza kazi kwa nusu ya muda. Kwenye karatasi hesabu hiyo hutimia. Kwa tumbawe haitimii, maana ile mimea ina kiwango chake: mtungi ukishajaa, hata bomba likiendelea kumwaga maji hayaingii.

Mtu wa kukumbukwa katika ufugaji huu ni Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyeandika habari za matangi yake mwaka wa 1961. Jakarta iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua lake ni kama letu, naye aliutumia mwanga huo huo wa Mungu. Wafugaji wa Berlin hawakuwa na bahati hiyo. Kwao mchana wa Desemba haufiki saa nane, na wa Juni hupita kumi na sita. Ndipo wakategemea taa kali za umeme, na suala la saa likaanza kuwa suala.

Kwa tangi jipya, shauri la wazoefu ni kuanza na saa sita, kisha kuongeza nusu saa kila wiki. Mwenye pupa huvuna mwani wa kijani kama nyuzi, unaofunika kila kitu, hasa samaki wakilishwa kupita kiasi. Tumbawe likipauka, mwanga umezidi. Likiwa la hudhurungi, pengine haulitoshi. Na matumbawe yanunuliwe kwa wanaoyakuza kwa halali, yasing'olewe mwambani. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi tangu mwaka wa 1968.

Saa za tangi si lazima zifuate za nje. Arudiye kazini magharibi anaweza kuianza siku ya tangi saa nne asubuhi na kuimaliza saa mbili usiku, mradi kila siku iwe hivyo hivyo. Saa ndogo ya kuwasha na kuzima taa hufanya kazi hiyo vyema kuliko mkono wa mtu. Umeme ukikatika, tumbawe huvumilia kiza cha siku moja au mbili. Cha kuogopa ni pampu kusimama, kwa kuwa maji yasiyotembea huishiwa hewa.

Kiza nacho kina kazi. Usiku matumbawe mengi hutoa mikono yao midogo kunasa vijidudu vinavyopita majini. Samaki nao hulala, na yule pono ambaye usingizi wake tunautolea mfano, baadhi ya jamii zake hujifunika utando wa ute mpaka asubuhi. Mwezi wa Ramadhani, nyumba zetu zinapokaa macho hadi daku na taa za sebuleni zinawaka, tangi lingehitaji kufunikwa kwa kitambaa kizito mbele na ubavuni, juu pakiachwa wazi lipate hewa.