Umeme wa Nyumba ya Magurudumu

Huko Marekani wako watu wengi wasafirio kwa motokaa kubwa iliyo nyumba kamili. Ndani yake mna vitanda, jiko, jokofu na choo. Jioni hupumzika katika kambi zilizowekewa soketi za umeme kwa ajili yao. Nyumba iliyojengwa juu ya msingi kwa kawaida hupata umeme kwa njia moja. Hii ya magurudumu mara nyingi huwa na njia tatu, na kuzibadili kuna hatari kwa asiyezifahamu.

Njia ya kwanza ni waya nene itokayo kambini, iletayo umeme wa volti 120. Ya pili ni jenereta. Ya tatu ni betri, ambazo mara nyingi ni za volti 12. Umeme wa betri waenda upande mmoja tu, kama maji ya mto. Umeme wa kambi na wa jenereta huenda na kurudi mara 60 katika kila sekunde (katika Kenya na Tanzania ni mara 50). Kwa hiyo betri haiwezi kuchemsha birika la nyumbani mpaka umeme wake ugeuzwe kwanza, na chombo kiugeuzacho huitwa inveta.

Tazameni hesabu hii. Ampea hupatikana kwa kugawanya wati kwa volti. Birika la wati 1200 huvuta ampea 10 katika umeme wa kambi. Likiwashwa kwa betri, inveta haina budi kuvuta ampea 100, na zaidi kidogo, kwa maana sehemu ya nguvu hupotea kuwa joto. Ndiyo sababu waya za betri ni nene sana, na betri huisha upesi kuliko mwenye gari adhaniavyo.

Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, hupokezana zamu. Wakikosana mwendo, michi hugongana. Ndivyo ilivyo umeme wa njia mbili ukikutana. Mmoja wapanda, mwingine washuka, na inveta huungua.

Lakini liko baya kuliko kuungua chombo. Mtu apendaye njia ya mkato huunganisha inveta na soketi ya ukutani, ili nyumba nzima ipate umeme. Umeme huo hupita kinyumenyume mpaka kwenye plagi ya ile waya ya nje, iliyong'olewa na kuachwa majanini. Meno yake sasa yana volti 120, na mtoto akiyashika aweza kufa.

Kwa hiyo mafundi huweka swichi ya kubadilishia. Ni kama mlango mmoja kati ya vyumba viwili. Ukifunga huku, umefungua kule. Huachia njia moja kwanza, ndipo hushika nyingine. Ziko zigeuzwazo kwa mkono, na ziko zijigeuzazo zenyewe. Hizo za pili, jenereta ikiwashwa, nyingi hungoja sekunde 20 au 30 hata mwendo wa injini utulie. Mgeni husikia jenereta inanguruma na birika bado ni baridi, akadhani imeharibika.

Kosa jingine huwapata hata waangalifu. Garini mna chaja ijazayo betri kwa umeme wa kambi. Ikiachwa ilishwe na inveta, betri huilisha inveta, inveta huilisha chaja, na chaja huijaza betri ile ile. Ni kama kuteka maji mtungini kwa kata iliyotoboka na kuyamimina mtungini humo humo. Asubuhi betri ni tupu, na dawa ya mgonjwa iliyopaswa kukaa baridi imepata joto. Kwa sababu hiyo chaja huunganishwa upande wa kambi na jenereta tu, au huzimwa kabla ya inveta kuwashwa.

Msafiri afikapo kambini huzima vyombo vikubwa na swichi ya nguzo ya kambi, huchomeka waya, kisha huwasha nguzo. Hungoja swichi ya kubadilishia igeuke, ndipo huwasha jiko.