Toba Inayolipa: Ushuhuda wa Maisha katika Uamsho wa Afrika Mashariki (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya ilielezwa kwamba Agano Jipya halimtenganishi mwamini na matendo yake, na kwamba agizo la Yesu katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, la kuiacha nuru ionekane mbele ya watu, linahusu matendo ambayo jirani anaweza kuyashuhudia kwa macho yake. Lilibaki swali gumu zaidi, nalo ni hili: mtu ambaye imani yake yenyewe inamfundisha kwamba ataendelea kuhitaji rehema hadi siku ya kufa kwake, anawezaje kuwa kielelezo kwa wengine bila kuwa mnafiki? Jibu lililo wazi kuliko mengine katika historia ya Kanisa la eneo hili lilitolewa na wauguzi, walimu wa shule za vijijini, wakulima na makarani walioeneza Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani vuguvugu la kiroho lililochipuka Rwanda na Uganda, likapamba moto katika miaka ya 1930 na kuvuka mipaka hadi Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, maana yake waliookoka, na kwa Kiswahili cha Tanzania jina hilo limekuwa walokole.

Chimbuko lake linahusishwa na mahali pawili. Pa kwanza ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali na ambako Joe Church, daktari kijana kutoka Uingereza, aliwasili mwaka 1928, wakati njaa kali ikiikumba nchi hiyo. Pa pili ni kilima cha Namirembe mjini Kampala, ambako daktari huyo, akiwa amechoka mwili na roho, alikutana mnamo Septemba 1929 na Simeoni Nsibambi, Muganda mwenye mali na elimu ambaye naye alikuwa akitafuta maisha ya Kikristo yaliyo ya kina zaidi. Walikaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba kama watu wawili wenye haja moja, jambo ambalo katika mazingira ya ukoloni, ambapo Mzungu alifundisha na Mwafrika akasikiliza, lilikuwa geni kwa pande zote mbili.

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi mwelekeo wa Uamsho lilitokea muda mfupi baadaye na halikuwa la kishindo. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu katika hospitali ya Gahini, alikuwa amechoshwa na hali ya kazi, na alipofika Kampala alimweleza Nsibambi mabaya yote ya hospitali ile: uvivu, wizi, ugomvi kati ya wafanyakazi. Nsibambi hakumpa pole wala hakuwalaumu wakubwa wake, bali alimwambia kwamba mambo hayo yanatokana na dhambi iliyomo ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Neno hilo lilimchoma, na katika safari ndefu ya kurudi Gahini alikata shauri la kumkabidhi Mungu maisha yake. Wenzake hospitalini waliona kwanza badiliko la mtu huyo kazini, ndipo wakaja kusikia mahubiri yake, na mpangilio huo, maisha yakitangulia na maneno yakifuata, ulibaki kuwa alama ya Uamsho katika miaka yake bora.

Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Krismasi uliofanyika Gahini, watu walianza kusimama mmoja mmoja na kuungama dhambi zao waziwazi. Mwaka 1935 mkutano kama huo ulifanyika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Na Januari 1936 Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi na mwalimu wa wainjilisti huko Gahini, alifariki kwa homa akiwa Kampala, alikokuwa amekwenda kulitaka Kanisa la Uganda liamke. Kifo chake kiliipa nguvu sauti yake kuliko ambavyo uhai wake ungefanya.

Katika lugha ya ndugu wa Uamsho yapo maneno machache yanayohitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndani yake ndimo jibu la swali lililotajwa. Ushirika ni mkutano mdogo wa kila juma, aghalabu wa nyumbani au chini ya mti, ambamo waamini huimba, husoma Neno na kueleza hali zao. Kutembea nuruni ni kuishi bila kuficha jambo, hata likiwa wazo la chuki juu ya ndugu aliyeketi mbele yako. Kuvunjika ni kukubali kosa bila kujitetea. Neno la nne, kutengeneza, ndilo zito kuliko yote: kumwendea mtu uliyemkosea, kumtajia kosa, na kurudisha ulichochukua au thamani yake.

Msingi wa jambo hili la mwisho ni wa kale. Sura ya tano ya kitabu cha Hesabu inamtaka mkosaji aungame, alipe kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na katika sura ya kumi na tisa ya Injili ya Luka mtoza ushuru Zakayo anaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Makanisa mengi yamehubiri kisa cha Zakayo na kukomea kwenye mkuyu aliopanda, ilhali ndugu wa Uamsho walikisoma kama maelekezo. Wafanyakazi wa hospitali walirudisha vitu walivyokuwa wamevichukua, walioiba fedha walizipeleka kwa wenyewe, waliokwepa kodi walijitokeza wakiwa na deni lao mkononi, na maofisa wa serikali ya kikoloni, ambao hawakuwa na taratibu zozote za kumpokea mwizi asiyeshtakiwa na mtu, walijikuta wakipokea mali ambazo hawakujua kama zilipotea.

Inafaa kulitazama jambo hili kwa upande wa yule anayerudishiwa. Mwenye mbuzi aliyeibiwa miaka kadhaa iliyopita, ambaye pengine si Mkristo na wala hana nia ya kuwa Mkristo, anamwona jirani akija uani mchana kweupe, akiwa na mbuzi au fedha, akisema mbele ya mke na watoto wa nyumba hiyo kwamba mwizi alikuwa yeye. Hakuna hotuba inayohitajika. Mwenye mbuzi hana haja ya kuelewa fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani ili ajue kwamba kuna kitu kimempata mtu huyu, kwa maana mali imerudi na aibu ameibeba mkosaji mwenyewe. Kwa hiyo hakimu wa ushuhuda alikuwa yule aliyeumizwa, ambaye ndiye mgumu zaidi kudanganywa. Hapa ndipo mfano mwema wa Uamsho ulipotofautiana na ule uliozoeleka katika makanisa ya wakati huo, wa mtu safi, mwenye ndoa ya kanisani, asiyeonekana kilabuni, ambaye usafi wake ulitegemea sana watu wasijue mengine. Mlokole wa kweli hakudai kuwa safi. Alidai kwamba amesamehewa, na akaleta mbuzi.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Katika jamii ambamo heshima ya mtu ni ya ukoo mzima, kutaja hadharani wizi au uzinzi kulionekana kuwavua nguo wazee, na wapo walioungama kwa namna iliyowaumiza wengine kuliko ilivyowaponya, hasa walipotaja majina ya wenzao bila idhini yao. Kanisa lenyewe liligawanyika. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa kuwa walikaidi amri ya kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri na mahubiri yao dhidi ya dhambi walizoziona chuoni. Uongozi wa chuo ulikuwa na hoja kuhusu utaratibu na utii, na vijana hao hawakukosa ukali wa ujana. Hata hivyo ni vigumu kuona ni utaratibu gani ulilindwa kwa kuwafukuza watu waliokuwa wakitaka wizi na uzinzi vikome chuoni. Hatari nyingine ilitoka ndani, nayo ni kiburi cha kuokoka, pale ungamo linapogeuka desturi, mavazi na salamu vikawa kipimo cha wokovu, na asiyeungama kwa mtindo unaokubalika akahesabiwa kuwa nje. Dawa pekee iliyofanya kazi ilikuwa viongozi kuungama wa kwanza. Wamisionari Wazungu, Church mmoja wao, waliomba msamaha mbele ya Waafrika kwa dharau zao za rangi. Kwa upande mwingine Festo Kivengere, kijana mwalimu wa Kigezi aliyekuja kuwa askofu, aliendesha baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia, ingawa sababu za kumchukia alikuwa nazo.

Mtihani wa kwanza wa kisiasa ulikuja Kenya, ambako Uamsho ulikuwa umefika Kabete mwaka 1937. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba wamekwisha kufungwa kwa damu ya Kristo na hawawezi kufungwa kwa nyingine, na wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali katika vikosi vya walinzi wa vijiji walioitwa homgadi. Kwa msimamo huo walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Yapo maswali ya haki kuhusu msimamo huu, kwa kuwa ardhi iliyoporwa ilikuwa kosa la kweli lililohitaji kutengenezwa kama mbuzi wa jirani, na ndugu hawakulisema hilo kwa sauti iliyotosha. Hata hivyo hakuna aliyeweza kudai kwamba imani yao ilikuwa ya kutafuta nafuu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 15 Mei 1955, Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika walikuwa miongoni mwa Waafrika wanne waliowekwa wakfu kuwa maaskofu Namirembe, kwenye kilima kilekile ambako Church na Nsibambi walikutana. Upande wa Walutheri, Josiah Kibira wa Bukoba, aliyelelewa na Uamsho wa Kagera, alifikia kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, naye mtu wa Uamsho, aliuawa baada ya maaskofu kumwandikia rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia. Kivengere alikimbia usiku na mkewe kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza upendo kwa Amin, jambo lililowakera Waganda wengi waliokuwa bado wanazika. Alirudi mwaka 1979, baada ya utawala wa Amin kuanguka.

Hakuna maelezo ya haki kuhusu Uamsho yanayoweza kuikwepa Rwanda. Katika miaka ileile ya mwanzo wa miaka ya 1930, ambapo watu wa Gahini walikuwa wakiungama wizi na ulevi, serikali ya Ubelgiji ilikuwa ikiwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Ushirika uliwakalisha pamoja watu wa makundi hayo, na hilo halikuwa jambo dogo. Mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyewahudumia maelfu ya Watutsi waliohamishiwa Nyamata na ambaye alikataa kuwaacha, alichukuliwa na askari Januari 1964 na kuuawa. Hata hivyo ungamo la Uamsho lilihusu dhambi ambazo mtu mmoja anaweza kuzitaja kuwa zake, na kitambulisho hakikuwa cha mtu mmoja. Hakuna aliyekwenda kukirudisha. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, katika nchi ambayo idadi kubwa kabisa ya wananchi walikuwa Wakristo waliobatizwa, watu waliuawa makanisani, na viongozi kadhaa wa makanisa walikaa kimya au wakasimama upande wa serikali iliyoua.

Mahakama za kijamii za gacaca, zilizoundwa kuhukumu makosa ya mauaji hayo na kufungwa rasmi mwaka 2012, zilisikiliza zaidi ya kesi milioni moja za mali iliyoporwa au kuharibiwa, na katika kesi hizo adhabu ilikuwa kulipa, huku sheria ikiwaruhusu mkosaji na aliyekosewa kukubaliana wenyewe. Kwa makosa makubwa zaidi, aliyekiri alipunguziwa kifungo, na hiyo ni tofauti ya msingi na ungamo la Gahini, ambalo lilimgharimu muungamaji bila kumpa chochote mahakamani. Ndiyo maana manusura wengi hawakujua wasadiki lipi katika maneno waliyoyasikia. Karibu na Nyamata, katika wilaya ya Bugesera, kipo kijiji cha Mbyo, ambako shirika la Kikristo linalohudumia wafungwa liliwakutanisha wauaji waliotoka gerezani na manusura. Huko wauaji walioungama walishiriki kufyatua matofali na kujenga nyumba za manusura, na sasa ni majirani wao. Maiti haiwezi kurudishwa kama mbuzi, na wakazi wa Mbyo wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Namna toba inavyoweza kulipa deni lisilolipika ndilo jambo litakaloshughulikiwa katika sehemu ya tatu.